Mlio wako kwa simu: udaunlodi, ukate ngoma, urekodi mwenyewe ama uende saiba?

Hapa Kisumu, panda matatu yoyote inatoka Kondele kuja tauni, simu moja ikilia utaona watu wanne wanapapasa mifuko, kwa sababu wote wako na mlio ule ule simu ilitoka nao dukani. Halafu enda soko la Kibuye Jumapili upate wale wa upande wa pili, mtu ameweka ngoma nzima kama mlio, besi imejaa, na bado simu inalia hadi inakatika juu hakuna kitu amesikia. Wote hawa wanaeza saidika na si kazi ngumu, shida ni njia ziko nyingi na kila mtu atakwambia yake ndio poa.

Msimamo wangu niuseme mapema usisome ukingoja. Mlio wa kupigiwa simu, kata mwenyewe kutoka kwa ngoma unayoipenda. Mlio wa meseji, rekodi mwenyewe. Apu za milio ya bure ziwe za mwisho, na saiba ni ya mtu ako na haja maalum, nitafika hapo. Mwenye iPhone ako na njia zake tofauti, hizo pia ziko chini.

Kwanza tutoe Skiza njiani, maana ukiuliza watu kuhusu mlio nusu wanakujibu Skiza. Skiza ya Safaricom ni ile ngoma anasikia mtu anayekupigia akingoja ushike, iko kwa mtambo wa Safaricom, haiko kwa simu yako, ndio maana hata ukitumia kabambe ya tochi inafanya kazi. Unaichagua kwa *811# na inakatwa kwa kredo yako, na sehemu ya hio pesa inaenda kwa msanii, hilo ni jambo zuri kabisa. Lakini wewe mwenyewe huisikii. Mlio tunaozungumzia hapa unakaa ndani ya simu, hakuna mtu anakukata kitu, na unausikia wewe na jirani zako. Unaeza kuwa na zote mbili, hazigombani.

Apu za kudaunlodi

Kubwa kati yazo ni Zedge, ilianza Norway 2003, na ziko zingine nyingi zinafanana. Uzuri wake ni haraka, unafungua, unatafuta, unabonyeza, mlio umeshakaa. Kama uko na haraka na hujali sana, basi.

Sasa ubaya. Matangazo, mengine ni ya video, na hayo yanakula bando lako na si la mwenye apu. Sauti ni zile zile watu wengine wameshachukua, kwa hivyo umetoka kwa shida ya matatu ya Kondele ukairudia kwa mlango mwingine. Na sauti za huku kwetu, ala za nyuzi kama orutu, nyatiti na litungu, ama ngoma za Isukuti, utazitafuta sana humo.

Kitu cha kuangalia kwa makini ni ruhusa. Apu ya milio iko na haki ya kuomba ruhusa ya kubadilisha setingi za simu, bila hio haiwezi kukuwekea mlio. Inaeza pia kuomba majina ya simu kama unataka kumpa mtu mmoja mlio wake. Lakini ikiomba kusoma SMS, kataa na uitoe hapo hapo. Mlio wa simu hauna kazi yoyote na meseji zako, na meseji zako ndio ziko na salio la M-Pesa na zile namba za siri benki inakutumia ukitaka kuingia. Hapo sibembelezi mtu.

Kukata ngoma mwenyewe

Hii ndio napenda kwa mlio wa kupigiwa. Unahitaji faili halisi ya wimbo kwa simu, MP3 ama M4A, na hapa ndio watu hukwama. Ngoma umeweka ya kusikiza bila mtandao kwa Spotify ama Boomplay haihesabiki, iko ndani ya apu yake imefungwa, hata ukiitafuta kwa mafaili hutaipata ikiwa ngoma ya kutumia. Lazima iwe ile umenunua kama faili, ama msanii mwenyewe ameiachilia watu wadaunlodi, ama kwaya yenu ya kanisa mlirekodi wenyewe, na hio ya mwisho ni tamu sana mimi nawaambia.

Ukishakuwa nayo, Samsung ziko na kitu kizuri, ukichagua wimbo kama mlio kuna swichi ya kuiambia simu icheze sehemu kali peke yake, yenyewe inakisia sehemu gani. Inajaribu, lakini haijui benga, ule muziki wetu wa magitaa. Kwa simu zingine unatafuta apu ndogo ya kukata sauti, nyingi ni bure, unaona mawimbi ya wimbo, unavuta mstari wa kuanza na wa kumaliza, unahifadhi kama mlio.

Sasa ukate wapi? Watu wanakata mwanzo wa wimbo, na mwanzo ndio mahali pabaya zaidi maana nyimbo nyingi zinaanza polepole, mpaka ifike mahali unaisikia mwenye kupiga ameshakata tamaa. Chukua benga. Muimbaji anaimba weee, halafu sauti zinanyamaza na magitaa yanashika moto, ile sehemu watu wanaingia uwanjani. Hapo ndio unaanza mkato wako, na uanze pale pale gitaa linaingia, usiache hata sekunde moja ya kimya mbele. Sekunde 25 ama 30 zinatosha, hakuna mtu anakungoja zaidi ya hapo.

Kuna sababu nyingine gitaa la benga linashinda ngoma nyingi za kisasa kwa kazi hii, na hii ni kuhusu spika. Spika ya simu ni ndogo kama kucha ya kidole gumba, besi haiwezi kuitoa, ule mdundo unaosikia kwa hedifoni ama kwa spika za matatu ukiuweka kwa mlio unapotea wote na kinachobaki ni mkwaruzo. Sikio la binadamu nalo linashika vizuri zaidi sauti za kati ya hertz 2,000 na 5,000 hivi, pale ndio mtoto analia, filimbi inapigwa, gitaa la juu linacheza. Kwa hivyo tafuta kitu chembamba na chenye makali. Orutu na uzi wake mmoja inapasua kelele ya soko bila shida. Nyatiti iko na nyuzi nane, lakini kitu utasikia kutoka mbali kwa simu ni ile pete ya chuma mpigaji amevaa kwa kidole cha mguu akiigonga kwa mti, ka, ka, ka, hio inapita kila mahali.

Isukuti inanipa huzuni kidogo hapa. Ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, UNESCO iliiweka 2014 kwa orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka, na mtu akitaka kuibeba kwa simu yake namuunga mkono kabisa. Lakini ile ngoma kubwa, kifua cha hio muziki, simu haiwezi. Ukikata Isukuti, tafuta pahali baragumu ya pembe inalia na vyuma vinacheza, ngoma ndogo iko juu, utakuwa na mlio mzuri wa kweli. Ukikata pahali ngoma kubwa iko peke yake utasikia kama mtu anagonga mlango wa jirani.

Kurekodi mwenyewe

Kwa mlio wa meseji hii haina mpinzani, na nashangaa watu hawaifanyi maana rekoda iko kwa karibu kila simu na haili bando hata moja. Mlio wa meseji unafaa kuwa sekunde moja, mbili ikizidi sana. Kuna watu wanaweka wimbo mzima kama mlio wa meseji, na Android inaeza kuucheza mpaka uishike simu, sasa fikiria grupu ya familia ya WhatsApp siku ya harambee.

Jaribu hivi. Chukua glasi mbili za kawaida, moja iache tupu, nyingine ijaze maji nusu. Ukigonga na kijiko, ile iko na maji inatoa sauti ya chini na ile tupu inatoa ya juu, na ukiongeza maji sauti inashuka zaidi, kwa hivyo unaitafuta mpaka zipatane kwa sikio lako. Gonga ya chini halafu ya juu, ting-ting inapanda, hio iwe ya WhatsApp. Geuza, ya juu halafu ya chini, inashuka, hio iwe ya SMS. Sasa simu ikiwa kwa mfuko unajua ni nini imeingia bila kuitoa. Rekodia chumba cha kulala, kitanda na mablanketi na mapazia yanameza mwangwi, si jikoni na vigae, na si chini ya mabati mvua ikinyesha. Weka simu mbali na glasi kama shubiri moja, ukiiweka karibu sana sauti inapasuka. Ukimaliza kata kimya chote cha mwanzo, hapa ni lazima, maana sekunde nusu ya kimya kwa mlio wa sekunde moja inauharibu wote.

Sauti ya mtu pia inafanya kazi vizuri. Mtoto akisema "mama, simu", ama dani, yaani nyanya yako, akikuita jina lako la nyumbani vile yeye peke yake hulitaja. Kama hio sauti ya dani ilikuja kwa voisi nouti ya WhatsApp, jua kwamba faili zake ni za aina inaitwa opus na mara nyingi hazionekani kwa orodha ya milio, zigeuze ziwe MP3 ama M4A kwanza, kuna apu za bure za kugeuza. Na ihifadhi mahali pengine pia, hata kama hutaitumia kama mlio.

Kitu kimoja tu usirekodi ni honi ya boda. Utageuka kila saa hapo Jubilee Market na si wewe unaitwa.

Meseji za M-Pesa, mlio wake peke yake

Hapa ndio nimeona watu wa biashara wakifurahia zaidi. Mama anauza omena, mikono iko na samaki, mteja anasema "nimetuma". Kwa simu za Android zenye Google Messages unafungua mazungumzo ya MPESA yenyewe, unabonyeza zile doti tatu juu, unaingia kwa maelezo, halafu kwa arifa, unachagua sauti. Hio thredi peke yake inapata mlio wake, zingine zinabaki na wa kawaida.

Faida yake ni zaidi ya starehe. Mkora anayekutumia meseji feki ya pesa kwa kawaida anatumia namba ya simu ya kawaida, maneno ameyapanga yafanane na ya ukweli, lakini meseji inaingia kwa thredi yake tofauti, kwa hivyo inalia mlio wa kawaida. Ule mlio wako wa M-Pesa usipolia, umeshapata ishara ya kwanza kabla hata hujafuta mikono. Lakini usiufanye ndio ushahidi wa mwisho. MPESA inakutumia meseji pia ukitoa pesa, ukinunua kredo, ama muamala ukirudishwa, na zote zitalia vile vile. Mlio unakwambia angalia, macho ndio yanasoma kiasi na salio.

WhatsApp kwa Android pia inakubali mlio tofauti kwa kila mtu ama kila grupu, na tangu Android 8 ya 2017 apu nyingi zinakuachia uchague sauti ya kila aina ya arifa. Ukiona arifa inakukera, ishikilie kwa kidole kidogo, utaona njia ya kuingia kwa setingi zake.

Saiba na kompyuta

Nani anahitaji hii? Mtu ako na rekodi ndefu ama yenye kelele, kama kwaya ilirekodiwa kanisani, mtu anataka sauti isawazishwe ishuke polepole mwisho, ama mtu anataka mlio unaojirudia bila kukatika. Programu ni Audacity, ni ya bure, inafanya yote hayo vizuri kuliko apu ya simu, na ukiwa na kompyuta hata rafiki yako anaeza kukufanyia.

Hilo la kujirudia nilieleze kidogo maana wengi hawalijui. MP3 huwa inaongeza kimya kidogo sana mwanzo na mwisho wa faili, kwa hivyo mlio ukirudi mwanzo unasikia ka pengo. Ukihifadhi kama OGG, aina nyingine ya faili ya sauti, badala yake, halafu kwa maelezo ya faili uongeze jina ANDROID_LOOP na thamani yake true, Android inazungusha mlio bila pengo. Kwa riff ya gitaa inayozunguka ni utamu mtupu. Kwa mtu wa kawaida si lazima.

Kijana wa saiba ama wa duka la muvi atakuwekea haraka mkielewana bei, lakini nenda na faili yako na umwambie dakika na sekunde unataka ikatwe, ukimwachia achague atakupa mwanzo wa wimbo. Na usimwachie simu ikiwa haina loki uende kula.

Ukishapata faili kwa njia yoyote ile, kwa Android unaiweka kwa folda za simu zenyewe: ya kupigiwa kwa Ringtones, ya meseji kwa Notifications, ya kuamka kwa Alarms. Ikiwa hapo inatokea kwa orodha bila apu yoyote. Weka kwa simu yenyewe, si kwa memori kadi, ukiitoa kadi mlio unaeza kurudi ule wa kampuni. Na mtu maalum mpe wake, fungua jina lake kwa kontakti, doti tatu, utaona mahali pa mlio.

Kama uko na iPhone

Hapa kulikuwa na mateso kwa miaka mingi. Njia ya kompyuta ni kugeuza wimbo uwe faili ya m4r, ile aina ya milio ya iPhone, isizidi sekunde 40, halafu unaunganisha simu na waya. Njia ya simu yenyewe ni GarageBand ya Apple, ni bure, lakini ni apu ya zaidi ya GB moja, kwa hivyo tafuta WiFi ya mtu. Unaingiza wimbo ama rekodi yako, unakata, unaituma kama mlio, na yenyewe inakata chochote kimezidi sekunde 30. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ukimaliza inakuuliza, iwe mlio wa simu, wa meseji, ama wa mtu mmoja. Ngoma za usajili wa Apple Music haziingii, zimefungwa kama zile za Spotify.

Toleo la iOS 26 lililotoka Septemba 2025 limerahisisha sana. Faili ya MP3 ama M4A ya chini ya sekunde 30 unaifungua kwa mafaili ya simu, unabonyeza pahali pa kushare, na kwa orodha unapata njia ya kuifanya mlio. Kama simu yako inafikisha hio, wachana na kompyuta kabisa. Kama ni ya zamani haiwezi kupanda hadi hapo, GarageBand bado ni bora kuliko waya.

WhatsApp ya iPhone lakini iko na orodha yake ya sauti na haikubali zako, kwa hivyo zile glasi mbili zitafanya kazi kwa SMS peke yake. Kwa mtu anaishi WhatsApp kutwa nzima, hio ni tofauti kubwa, na Android inashinda hapo bila mjadala.

Ukibadilisha simu ya Android, usitegemee milio ihame yenyewe. Kabla hujaifuta ile ya zamani, chukua hizo folda tatu, Ringtones, Notifications na Alarms, uzikopi kwa kompyuta ama Google Drive, halafu kwa simu mpya uzirudishe kwa folda za jina lile lile na uchague upya kwa setingi, ukianza na ule wa MPESA.